Waraka wa Vidole vya Miguu

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mpanda mjini na vitongoji vyake ya kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna mtoto atakayesimama kwa vidole vya miguu bila kibali cha Kamati. Akina mama wanaochukua sufuria juu ya kabati watavumiliwa hadi mwisho wa mwezi.

Waraka huo ulibandikwa mwaka tisini na sita, stesheni, sokoni na mlangoni mwa mashine ya kusaga. Mwandishi wake alikuwa Bwana Telesfori, Mwenyekiti wa Kamati ya Kusimamia Vidole, na mtu asidhani ile ilikuwa kamati ya mchezo. Ilikuwa na wajumbe tisa, mihuri miwili na kwaya yenye sare. Kitu pekee ilichokosa ni ofisi. Ilikuwa ikikutana nyuma ya banda la kinyozi, kwa zamu, maana viti vilikuwa vitatu.

Ofisi ilikuwepo, ila ilikuwa na watoto ndani. Kwenye ghala la zamani la tumbaku, jirani na stesheni, Mwalimu Scola alikuwa anafundisha baleti, dansi ya Kizungu ya kusimamia vidole vya miguu. Scola huyu alipelekwa ng'ambo akasomee ushonaji, akarudi baada ya miaka minne anajua kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, na kifungo cha shati hajui kukishona. Watoto na vijana thelathini na wawili walikuwa wanajipanga kwenye bomba lililofungwa ukutani, wanakunja magoti, wananyoosha, wanakunja tena, saa nzima, bila kwenda popote. Telesfori alipokwenda kukagua alisimama mlangoni akawatazama kwa heshima. Kazi nyingi, mwendo hakuna: huo ndio utumishi alioupigania maisha yake yote. Roho ikamuuma kwamba haukuwa chini yake.

Akatoa rula, akainama mbele ya Nyanzala, binti wa miaka kumi na minne kutoka Mwamkulu, aliyekuwa anawapita wenzake wote.

"Wewe unasimamia vidole vingapi?"

"Vyote, baba."

"Fomu ina nafasi ya vinne."

"Hivyo vingine niviweke wapi?"

"Vitunze. Mwaka ujao tutavifikiria."

Scola akazima redio. "Bwana Mwenyekiti, sema tu unachotaka."

"Kamati inahitaji mahali pa kutekelezea majukumu."

"Yaani ghala."

"Sijasema ghala, Mwalimu. Nimesema mahali penye paa, karibu na stesheni, panaponukia tumbaku."

Habari ikafika Mwamkulu kabla Telesfori hajafika kwake. Kesho yake Mwandu, baba yake Nyanzala, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akaja na fimbo yake mpaka kwa kinyozi.

"Mwenyekiti, sisi Wasukuma ngoma hatuifungi kwa karatasi. Makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, saa moja, hili huku, hili kule. Watu wana miguu, wataenda panapowavuta. Kundi likikimbiwa na watu, limeshindwa, linafungasha."

"Kundi la pili liko wapi?"

"Si una kwaya?"

Telesfori nusura amkumbatie. Kwaya yake ilikuwa na ngoma mbili, kinanda na wake za wajumbe. Wale watoto walikuwa na redio ya kaseti tu. Papo hapo akaandika nyongeza ya waraka: upande utakaokimbiwa na watazamaji utavunjwa siku hiyohiyo, na mali zake zote zitakabidhiwa kwa washindi. Akagonga muhuri wa kwanza. Akagonga na wa pili, wivu usije ukaingia.

Jumamosi uwanja wa mpira ulijaa nyomi. Watu walitoka mpaka Litapunga, na wenye magonjwa wakaahirisha. Upande wa goli la chini kwaya ikafungua kwa wimbo wa majina ya wajumbe tisa na vyeo vyao, ubeti mmoja kila mjumbe, kisha Mwenyekiti akapanda juu ya kreti na hotuba ya kurasa kumi na moja. Upande wa goli la juu watoto wakaanza, na watu wakaenda kuonja. Ila walikuwa hawajamaliza hata robo ya mchezo wao pale betri, zilizoanikwa juani tangu asubuhi, zilipokata roho.

Watoto wakamwangalia Scola, Scola akaangalia redio. Watu wakaanza kurudi kwenye ngoma za kwaya, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Telesfori akaliona ghala lile, na meza yake ndani, na pazia.

Katikati ya watoto Nyanzala alikuwa juu ya vidole vya mguu mmoja, mikono hewani. Muziki ulimwacha pale. Hakushuka.

"Huyo binti mbona hashuki?" akauliza Pudensiana, muuza maandazi.

"Anamsubiri nani?" mwingine akajibu.

Mwandu akapiga fimbo chini. "Moja." Akapiga tena. "Mbili."

Kufika kumi walikuwa wanahesabu wafugaji wote. Kufika ishirini waliokwisha ondoka walikuwa wanarudi mbio, Pudensiana mbele na beseni kichwani. Kufika thelathini wapiga ngoma wa kwaya walikuwa wamehama na ngoma zao, wanampigia Nyanzala hesabu, na wake za wajumbe nyuma yao wamekunja sketi za sare.

Telesfori alikuwa ukurasa wa saba. Alipoinua macho kutafuta makofi akamwona mbuzi, naye alikuwa amefuata maganda ya ndizi. Akakunja hotuba. Akajongea mpaka nyuma ya umati, kwa nia ya ukaguzi tu. Ukuta wa migongo. Akaenda kulia, migongo. Kushoto, migongo na beseni.

"Thelathini na nane," umati ukasema.

Basi akanyanyua visigino. Kidogo kwanza, halafu vyote. Hapo akamwona yule binti, na mdomo ukabaki wazi, na yeye naye akaanza kuhesabu.

"Magoti, Bwana Mwenyekiti." Scola alikuwa amefika nyuma yake, anamkagua kwa upole, na mihuri miwili ya Kamati iliyovunjwa tayari iko mkononi mwake. "Nyoosha magoti."

Akanyoosha.

Mwandu akageuka, akamtazama kuanzia viatu. "Huyu," akamwuliza Mwalimu, "ana kibali?"