Kiti cha Matroni

Jumatatu, 3 Machi

Matroni anastaafu! Ametutangazia mwenyewe asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu. Mwisho wa mwezi anakwenda nyumbani kucheza na wajukuu. Wauguzi wote wakalia. Nami nikalia, kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye mlango wa ofisi yake. Ofisi ina feni. Ina kiti chenye magurudumu. Si kile cha wagonjwa, kile cha mabosi.

Nani atakirithi? Mimi, bila shaka. Wodi ya wanaume nimeihudumia mpaka nywele zimeanza kunihama. Mshindani ni mmoja tu, sista wa wodi ya watoto. Tunamwita Bi Kimya. Kwenye vikao hafungui mdomo ila kwa kupiga miayo, na hata hiyo huifunika kwa kiganja. Mtu kama huyo atamsimamia nani?

Hata hivyo sitaki kubahatisha. Nimewaza wakati wa chai. Muuguzi akitulia, hakuna anayemwona. Akisema anaondoka, anabembelezwa. Mwenzetu wa chumba cha upasuaji alipotaka kuhamia ile hospitali binafsi yenye vioo, alipandishwa cheo siku hiyo hiyo. Basi nami naondoka! Kwa mdomo tu.

Nimemweleza katibu muhtasi wa Mganga Mkuu, kwa siri kubwa, kwamba nimepata kazi ng'ambo. Ameapa kwa kaburi la bibi yake kwamba hatamwambia mtu. Kabla ya saa ya chakula, mpishi amenipa pole ya baridi ya huko niendako.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yameiva. Kila ninakopita naitwa bwana mkubwa. Mtu wa maabara ameniomba nikifika nimtafutie naye nafasi. Daktari ambaye hajawahi kunitazama usoni amenishika bega. Nimejitia hamnazo, natabasamu kama mtu anayeficha mambo mazito.

Adhuhuri Mganga Mkuu akaniita. Nilinyoosha koti, nikaandaa uso wa mtu anayehitaji kubembelezwa kwa muda mrefu.

Hakunibembeleza! Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema hospitali inaona fahari. Akasema nisiwe na wasiwasi kuhusu wodi, maana waliomaliza chuo cha uuguzi wakakosa ajira wamejaa mtaani, na maombi yao yamejaa kabatini mpaka mlango haufungi. Nikamkumbusha kwamba kila siku tunalia wauguzi hawatoshi. Akacheka. Akasema wauguzi wapo, nafasi ndizo hazipo. Mmoja akitoka, ndipo mmoja anaingia.

"Umemfungulia mwenzako mlango," akasema. Kisha akauliza naondoka lini. Nikasema mwisho wa mwezi.

Mdomo huu!

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani, na chumba chake cha mbele ndicho kituo cha habari cha mtaa mzima. Leo alikuwa anampima kiuno mke wa mpishi. Imetosha. Nilipofika nyumbani cherehani ilikuwa imenyamaza. Hiyo ni dalili mbaya.

Aliniuliza: "Baba watoto, mimi ni mkeo au ni jirani yako?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Nafasi ilikuwa wazi kabisa, hata kipofu angeiona. Nikasema nilikuwa nangoja tiketi itoke ndipo nimpe habari ikiwa kamili. Akalia kwa furaha. Akaniomba radhi kwa kunishuku. Akanipakulia nyama yote iliyokuwa chunguni. Niliimaliza.

Jioni akaja shemeji, kaka yake, na futi ya kupimia. Anasema dada yake hawezi kuachwa peke yake. Atahamia hapa na familia yake, kwa ajili ya ulinzi. Kabati lake litakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi. Nikaondoka kwenye kiti ili apime vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa katibu muhtasi kuulizia usaili wa cheo cha Matroni. Akanitazama kwa huruma. Jina langu limeondolewa, kwa kuwa anayeondoka hapewi cheo. Nikasema naweza kuiahirisha safari. Akasema nisijitese kwa ajili ya watu, nimeshajitolea vya kutosha.

Ila kuna heshima nyingine! Mganga Mkuu ameniweka kwenye jopo la usaili. Anasema kwa kuwa sina ninachokitafuta, mimi ndiye mtu pekee wa haki aliyebaki humu ndani.

Kwa hiyo leo nimevaa tai na kumhoji Bi Kimya kwa kazi yangu mwenyewe! Matroni kulia, Mganga Mkuu kushoto, mimi katikati. Nikaamua kummaliza kwa swali moja. Wodi imefurika, wagonjwa wengine wako chini. Muuguzi ni mmoja, mwenzake hajaja na simu hapokei. Msimamizi afanye nini? Nilijua hana jibu. Hata mimi sina, na hali hiyo ndiyo ninayoishi nayo.

Akafikiri. Akasema kwa sauti yake ile ndogo: "Nitavaa glovu niingie wodini. Na kabla kaka huyu hajasafiri, nitamwomba anifundishe. Kwake huwa hivyo kila mara, na sijasikia mgonjwa wake amesahaulika."

Mganga Mkuu akaitikia kwa kichwa. Matroni akatoa leso. Nami nikatakiwa kutoa alama. Ningemnyima vipi mtu aliyenisifu hivyo mbele ya wakubwa? Nikampa zote.

Kiti ni chake.

Jumatatu, 10 Machi

Mrithi wangu amefika! Mama mtu mzima, mwenye cheti cha uuguzi na sauti ya soko la mitumba, ambako amekuwa akiuza nguo tangu amalize chuo. Ameniamkia kwa heshima kubwa. Ameniambia ananiombea dua kila siku kwa kumwachia nafasi. Watoto wake nao wananiombea. Sasa nitabakije? Nikibaki, mama wa watu anarudi sokoni. Nikiondoka, naenda wapi?

Nilikuwa nawaza hayo wakati dereva mstaafu, mgonjwa wa kisukari wa kitanda cha dirishani, aliponyamaza. Alikuwa amenitukana tangu asubuhi kwa sababu ya uji uliopoa. Kunyamaza kwake hakukunipendeza. Nikageuka. Jasho linamtiririka, macho yako wazi lakini hayamwoni mtu. Nikamtuma yule mama mgeni kipimo cha sukari. Akarudi nacho mbio. Sukari imeshuka vibaya. Nikatafuta mshipa. Nikakosa. Nikamwambia mzee, usiniache hapa, hujamaliza kunitukana. Nikajaribu tena, ukakubali. Tukampa glukosi. Mgeni anamwita, mimi namwita, wodi nzima imeshusha sauti. Mwishowe akanitazama, akauliza kwa nini nimemshika mkono kama mchumba wake.

Nikaingia stoo ya nguo, nikafunga mlango, nikakunja upya mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Hasara tupu! Mganga Mkuu alikuwa kikaoni. Hakuna mkubwa aliyeona. Aliyeona ni Bi Kimya, aliyekuwa mlangoni kuazima mashine ya presha.

Jumatano, 12 Machi

Wamenifanyia sherehe ya kuniaga. Soda, hotuba, na sanduku kubwa la safari lenye magurudumu. Katibu muhtasi amelia. Dereva mstaafu ametuma salamu kutoka kitandani, kwamba huko niendako nisiwape watu uji wa baridi. Nikatakiwa kusema neno. Nikasema sina la kusema. Wakapiga makofi wakidhani ni machungu ya kuagana.

Bi Kimya akanivuta pembeni. Akaniuliza: "Kaka, hiyo safari ipo?"

Nikatafuta uongo. Nikaupata mmoja, mzuri kabisa, unaohusu ubalozi. Ukagoma kutoka. Nikasema haipo.

Hakucheka. Aliuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna, hata mke wangu. Akasema basi nianzie kwa mke wangu, mengine atayashughulikia yeye.

Nimemwambia. Mke wangu hakupiga kelele. Alishona gauni zima, mikono, shingo na pindo, bila kunitazama. Ningependelea kelele. Kisha akasema: "Haya, nenda kamweleze shemeji yako. Mkokoteni uko nje na kabati lake juu."

Shemeji naye hakupiga kelele. Alinitaka tu nisaidie kulisukuma kabati mpaka kwake. Kwake ni mlimani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeokoka! Bi Kimya amemwambia Mganga Mkuu kwamba safari yangu imekwama. Hakuongeza wala kupunguza. Kisha akamwonyesha kwamba yeye akipanda, nafasi yake katika wodi ya watoto inabaki wazi, kwa hiyo mgeni aende huko na mimi nibaki na wanaume wangu. Mganga Mkuu amekubali. Mama wa mitumba ameshavaa aproni yenye picha za vipepeo, na watoto wawili wameacha kulia. Amesema dua zinaendelea.

Mke wangu ameniapisha. Hakuna hila tena, hakuna siri, hakuna kujifanya nisiyekuwa. Niliapa kwa moyo wote, machozi yakanitoka, safari hii kwa macho yote mawili. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Kimya ameanza kujifunza kazi ya Matroni. Jambo la kwanza alilofanya ni kunikabidhi mimi upangaji wa zamu za wauguzi wote, na zake zikiwemo. Anasema ananiamini. Nilijisikia vizuri sana. Nilijisikia vizuri mpaka saa ya chai.

Nimesikia kwamba Alhamisi wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu. Makao makuu! Huko kuna ofisi ambamo feni ni vitu vya zamani. Wanataka kukaa ana kwa ana na mhusika wa juu wa wauguzi, na Matroni siku hiyo ana miadi ya kiinua mgongo chake. Kuna habari pia ya magodoro mapya, kwamba yameonekana kwenye karatasi lakini vitandani hayajaonekana, na kwamba wakaguzi wamekasirika mno. Hayo sikuyafuatilia. Mimi si mtu wa magodoro.

Nimempangia Bi Kimya mapumziko Alhamisi. Amenishukuru sana. Anasema hakuna aliyewahi kumfikiria hivyo.

Ofisini nitakuwa mimi, kwenye kile kiti. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: karibuni, hapa hakuna kitu cha wauguzi kisichopitia mikononi mwangu. Mke wangu akauliza kutoka chumba cha mbele nazungumza na nani. Nikasema najiandaa na kazi. Si uongo!

Wakiuliza mhusika ni nani, sitawaacha wamalize swali.