Shingo Yangu na Kabati la Shemeji

Jumanne, 4 Machi

Tumegongwa! Si vibaya sana. Nilikuwa nimesimamisha gari kwenye kivuko nikisubiri wanafunzi wavuke, mke wangu, Mama Pacha, kando yangu na kapu la nyanya miguuni. Mara, puu! Gari la mikate limetuparamia kwa nyuma. Bampa limepata ufa, taa moja imekwenda, nyanya kila mahali. Dereva wa mikate alishuka, akaomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Ametupa mikate miwili. Mimi mzima kama kengele. Mama Pacha alijishika kisogo kidogo, akasema ni mshtuko tu, akaanza kuokota nyanya.

Jioni, nikiwa natafuna mkate wa ajali, wazo likanijia. Jumamosi shemeji yangu, kaka mkubwa wa Mama Pacha, anahama nyumba. Tunamwita Kamanda. Jeshini hajawahi kufika hata kwa kupotea njia, lakini hajawahi pia kunyanyua kitu ilhali kuna mtu wa kumwamuru. Mimi nimepangiwa kabati. Milango mitatu, mbao ngumu, ngazi zenye kona mbili.

Je, mtu aliyegongwa na gari aweza kubeba kabati? Hawezi! Mungu ambariki dereva wa mikate.

Jumatano, 5 Machi

Bahati imenifuata mpaka kazini. Muuguzi mstaafu, mteja wangu wa miaka yote, alikuja kunyolewa. Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu, mtu akigongwa kwa nyuma huumwa nini hasa. Akafunguka! Shingo hukamatika. Kichwa huuma kuanzia kisogoni. Mabega huwa mazito, mwanga hukera, kizunguzungu, usingizi hupaa. Wengine hufa ganzi vidole. Na lililo tamu kuliko yote: maumivu huweza kuchelewa. Leo mtu anatembea anacheka, kesho hawezi kugeuka. Nilifurahi nikamkwangua sikio.

Akaongeza kwamba huyo rafiki yangu aende akapimwe, asikae nyumbani akijipa moyo. Sehemu hiyo haikunihusu.

Mchana nilifunga mapema, nikatengeneza kola ya shingo. Boksi la mafuta ya nywele, taulo la saluni, pini nne. Imekaa vizuri. Mbele maandishi ya boksi bado yanasomeka: UPANDE HUU JUU. Si neno, ni kweli.

Nikaingia nyumbani nikiguna. Nilitarajia kilio, uji, pengine mto wa ziada. Mama Pacha akasema pole, basi. Halafu akaniomba nifunge pazia, mwanga unamchoma. Hakula. Alijilaza na kitambaa usoni. Yaani mimi naumwa shingo, yeye anaumwa pazia! Kuna watu hawawezi kumwona mwenzao anahurumiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kamanda amekuja kukagua. Habari zilimfikia. Akakaa mkabala nami, akaisoma kola polepole, akauliza kama Jumamosi wanibebe na mimi pamoja na vyombo, upande huo huo juu. Mgonjwa hajibizani.

Akaenda dirishani. Akachungulia. Kisha akapaza sauti kwamba saluni yangu inaungua. Ewe shingo msaliti! Iligeuka yenyewe, haraka, kola ikaruka na pini mbili. Kamanda akanipongeza kwa kupona. Nikamweleza kwamba maumivu haya huja na kuondoka. Akasema naam, yanajua hata siku ya kuhama.

Kwa kelele hizo Mama Pacha akatoka jikoni. Na katika kumtazama kaka yake hakugeuza kichwa. Aligeuka mwili mzima, kuanzia miguuni, kama mlango unaofunguliwa. Nikaelewa mara moja. Ananiigiza! Ananifundisha namna ya kuumwa, mbele ya ndugu yake! Nikamwambia sipendi dhihaka. Aliingia kulala, na jua lilikuwa bado halijazama.

Kamanda alimfuata kwa macho mpaka chumbani. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba kesho atatupeleka wote wawili kliniki. Kwa ajili ya shingo yangu, alisema. Nimekubali. Ningekataaje?

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika yote.

Mtaalamu wa viungo ni mama mfupi mwenye mikono baridi. Alinivua kola, akaisoma, akanirudishia, nikaitia mfukoni. Akanambia nigeuke kushoto, kulia, nitazame juu. Nikasahau kuguna. Nilipokumbuka zoezi lilikuwa limekwisha, nikaguna yote kwa pamoja. Akauliza maumivu yako wapi. Nikamwaga kila kitu: kisogo, mabega, kizunguzungu, ganzi. Vidole vipi? Vyote, nikasema, mpaka vya miguu. Nikaongeza na jino, kwa uhakika zaidi.

Akaacha kuandika.

"Kwenye gari ulikuwa na nani?"

"Na mke wangu. Lakini yeye hana neno."

Akatazama nje ya mlango, kwenye benchi. Mama Pacha alikuwa ameketi na kiganja chini ya kidevu, kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, hebu nitazame."

Akageuka mwili mzima. Kama jana. Na hapo hapakuwa na mtu wa kumdhihaki.

Yule mama aliinuka upesi, akamwambia asijigeuze tena, akamshika shingo kwa mikono yote miwili.

"Imeanza lini?"

"Juzi asubuhi. Nilidhani ni mto."

"Na mkono?"

"Vidole vya kushoto vina ganzi. Inakuja, inapotea."

"Sasa kwa nini hukusema, mama?"

Mama Pacha akafumba macho. "Nyumbani tulikuwa na mgonjwa tayari."

Kamanda alinitazama. Afadhali angenipiga.

Wakampeleka kupigwa picha, kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika. Tukabaki kwenye benchi, mimi na Kamanda. Ukuta wa rangi ya maziwa, saa isiyofanya kazi, mtu akikohoa chumba cha pili. Sikuwaza kabati. Niliwaza jinsi anavyogeuza kichwa pacha wanapomwita wote kwa pamoja, huku, kule, huku. Niliitoa ile kola mfukoni nikaiviringisha mpaka ikachanika.

Picha imetoka safi! Mifupa mizima. Mtaalamu akatueleza: gari linapogongwa kwa nyuma, mwili husukumwa mbele na kichwa hubaki, kisha kichwa hurushwa kama ncha ya mjeledi. Misuli na kano za shingo huvutika kupita kiasi. Aliyeuona mgongano mdogo asidhani na shingo imeuona mdogo.

Nikasema basi tumnunulie kola, ya kweli. Akakataa. Shingo ikifungwa siku nyingi hukakamaa na kudhoofika. Anataka itembee: taratibu, mara nyingi kwa siku, kushoto, kulia, mpaka pale inapoanza kukataa, basi. Dawa ya maumivu. Sasa hivi kitambaa baridi, baadaye cha joto. Mto mmoja tu. Asinyanyue vitu vizito. Asikandwe kwa nguvu, wala mtu asimvunje shingo ilie ko! Hapo alinitazama mimi. Sijui nani alimwambia kwamba mimi ni kinyozi, na kwamba nikimaliza kunyoa huwavuta wateja shingo. Na mkono ukilegea, au ganzi ikienea, au akiyumba akitembea, tusingoje asubuhi, tumrudishe mbio.

Mwisho akauliza kiegemeo cha kichwa cha kiti chake kilikuwa kwenye kimo gani. Kilitakiwa kufika juu ya masikio, karibu na kisogo.

Kilikuwa chini ya kitanda chetu. Nilikichomoa siku ya kusafirisha kioo cha saluni, nikachoka kukirudisha. Nikasema mtindo wa gari letu ndivyo ulivyo. Mama Pacha akageuka mwili mzima kunitazama. Safari hiyo alichukua muda mrefu.

Jumamosi, 8 Machi

Kamanda alipiga simu alfajiri. Nisiende kubeba. Nikae na dada yake. Hakuna kabati! Nimeshinda, tena kwa haki!

Ushindi ulidumu mpaka kifungua kinywa. Uji. Vyombo. Sare za pacha, pamoja na tope lote la wiki. Kitambaa baridi, kimeshapata joto, kingine. Kumkumbusha mazoezi. Pacha wakagombania soksi moja. Uji wa pili, wa kwanza ulishika chini. Kufika adhuhuri nilianza kuliwaza lile kabati kwa mapenzi. Kitu kimya, hakiombi maji.

Nikamwambia Mama Pacha dhamiri inanisuta, ndugu hatupwi siku ya kuhama. Akanitazama, akacheka kidogo, kwa uangalifu. Akasema niende, jirani yake anakuja kukaa naye.

Nikakimbia. Nikafika natweta. Kabati limeshapanda! Fundi seremala alilifungua parafujo, likawa mbao. Linafunguka! Wiki nzima nimeumwa kwa ajili ya kitu kinachofunguka! Kamanda mwenyewe alikuwa na ubao begani, shati limelowa jasho. Sijawahi kumwona hivyo.

Hakunifokea. Aliuliza dada yake yuko na nani. Nikasema na jirani.

"Rudi, shemeji," akasema. "Mimi ndugu nimebakiwa na huyo mmoja."

Nikarudi kwa miguu. Nikaosha masufuria bila kuambiwa.

Jumatano, 12 Machi

Ganzi imekwisha! Ameamka na vidole vyake vyote. Shingo inafika dirishani sasa, bado kidogo mlango. Nalala karibu na ukingo ili mto wake usisogee. Nimeanguka mara moja.

Jioni nikamshauri anipe nafasi ndogo tu, niivute shingo, ilie ko, tumalize. Wateja wangu hulipenda sana. Aliokota mwiko. Tukaendelea na kitambaa cha joto.

Nimerudisha kiegemeo garini. Kinyumenyume, anasema Kamanda, aliyekuja kukagua. Akakigeuza, akakipandisha mwenyewe, akamketisha dada yake na kupima kwa kiganja nyuma ya kisogo. Kisha kulia na kushoto, mazoezi, akimhesabia kama gwaride. Alitii. Mimi ningehesabu ningepewa mwiko.

Jumapili, 30 Machi

Mtaalamu amemwachia. Anageuka pande zote. Amerudi kufundisha wanafunzi wake wa chekechea tangu Jumatatu, na hata gari ameendesha, akiangalia nyuma bila kunung'unika. Kuna asubuhi bado inakaza kidogo, basi anaizungusha polepole na inalegea. Mtaalamu akaniuliza jino langu linaendeleaje. Nikasema limepona.

Nimeapa mbele ya mke wangu: sitajifanya mgonjwa tena maishani.

Ijumaa, 4 Aprili

Kamanda ametangaza: kesho wote tukapake rangi nyumba yake mpya. Mimi nimepewa dari. Dari! Mtu na mikono yake juu kutwa nzima, rangi ikimdondokea mdomoni!

Kiapo kilihusu kuumwa kwa viungo. Macho hayakutajwa. Mtu mwenye macho mekundu hapaki rangi, kila mtu anajua, tena huambukiza. Nilijifungia jikoni, nikakata kitunguu kikubwa, nikajipaka kope zote mbili kwa ukarimu.

Mama yangu! Nimegonga kabati la vyombo, ndoo, na pacha mmoja, sijui yupi. Nikaita msaada. Mama Pacha akafika, akanusa, akaangua kicheko. Sikumwona, nilimsikia tu, lakini pacha wanasema alicheka kichwa kikaenda nyuma chote, mpaka akatazama dari, na hakushika shingo. Alinipeleka bombani huku bado anacheka. Jambo zuri. Nimefurahi kweli.

Naandika kwa jicho moja. Kamanda amepiga simu, anasema dari inangoja. Lakini nimeshaliona kosa langu lilipokuwa. Kitunguu kilikuwa kikubwa mno. Kesho asubuhi nitatumia nusu.