Kiuno cha Nabii

Mimi nilikuwa nimekuja kunywa kahawa tu, wajukuu zangu, ninyamaze zangu nipate jua la mgongo. Lakini kijiwe chetu hakijui kunyamaza. Kiko kibarazani kwa Sindano, fundi cherehani, na kahawa tunauziwa na Mama Birika, mwanamke anayejua maandiko kuliko anavyojua bei ya sukari.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kuwa yule nabii wa kanisa la nyuma ya soko, Jumapili ya mwisho wa mwezi, anapaa mbinguni mzima mzima na viatu vyake. Na waumini wake kifo wataendelea kukisikia kwa majirani tu.

Bado tunacheka, akaingia Dakika. Huyu hutengeneza saa, mwembamba kama mshale wake, na presha anayo miaka nenda rudi.

"Sindano, nipe kitambaa changu," akasema, salamu hana. "Ile suruali usiishone tena. Ninakokwenda tunavikwa."

"Unakwenda wapi, bwana?"

"Juu. Na nabii."

"Na presha yako nayo inapaa?" nikamuuliza.

"Babu, vidonge nimeshatupa. Leo siku ya nne. Nabii kasema anayemeza vidonge anamtukana Mungu."

Hapo kicheko kikakatika. Mama Birika akatua birika chini, puu! Dakika amemwoa dada yake.

"Shemeji, unataka dada yangu awe mjane kwa ajili ya mtu wa kipaza sauti?"

"Mjane wa nini? Eliya si alipaa?"

"Eliya na Henoko. Wawili! Tangu dunia iumbwe, wawili! Na wewe unajipanga foleni nyuma yao, wewe unayepanda ngazi tatu za kibaraza hiki ukipumzika ya pili?"

"Methusela naye," nikachomekea, "kaishi mia tisa na ushee. Wakamwandikia nini mwisho? Akafa. Basi. Hata sababu hawakuandika."

"Elisha je?" Mama Birika akapamba moto. "Nabii hasa! Kafufua mtoto wa watu. Kaugua, kafa. Mifupa yake ikamfufua maiti mwingine kaburini, yeye mwenyewe kabaki kalala hapo hapo!"

"Hao wa zamani," Dakika akasema, kidole juu. "Huyu kaonyeshwa mpaka tarehe."

"Na mfalme Hezekia alipokuwa na jipu, Isaya si kaagiza abandikwe tini? Nabii wa kweli katoa dawa, shemeji. Wako kakunyang'anya!"

"Tarehe ikipita nitajua kama ni mwongo."

"Utajulia wapi? Sisi ndio tutajua," nikamwambia. "Wewe tutakuja kukupa habari makaburini."

Akatikisa kichwa, akamnyooshea Sindano mkono. "Kitambaa."

Sindano muda wote huo kaluma uzi, kainamia mashine. Nikaona anahangaika kama mtu mwenye sisimizi ndani ya shati.

"Mimi siri ya kiuno cha mteja sitoi," akasema. "Miaka thelathini nashona, sijatoa."

"Toa!" tukamrukia wote.

Akatema uzi. "Nabii alikuja jana kupima suti. Suti ya kupaa. Nikampima, nikaandika. Anafika mlangoni, akarudi. Akaniinamia sikioni: 'Fundi, kwenye mshono wa kiuno niachie kitambaa vidole vinne kwa ndani. Mwakani nitakuwa nimenenepa, utanifungulia.'"

Dakika akaganda. Mtu wa saa huyo, mambo ya muda humdanganyi.

"Alisema mwakani?"

"Mwakani. Na mifuko iwe mirefu."

"Labda huko juu..."

"Huko juu kuna cherehani?" Mama Birika akadakia. "Akanenepee huko, halafu ashuke kwa Sindano kufunguliwa mshono?"

Dakika akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa, akavua tena. Nikamsogezea kigoda changu aweke miguu. Ni kama mwanangu huyo, nimemjua tangu hana meno.

Mama Birika akafunua kopo la sukari, akatoa kifuko. Vidonge. Dada yake, mke wa Dakika, alikuwa kaviokota kwenye ndoo ya taka, akamkabidhi.

"Nipe na kahawa nimezee," Dakika akanong'ona.

"Kahawa na presha hiyo? Maji!"

Akameza. Koo lile jembamba tukaliona likipanda, likishuka. Halafu akasimama, akachukua kitambaa chake kando ya mashine, akamwekea Sindano mapajani.

"Ishone."

"Kama tulivyopimana?"

"Kama tulivyopimana. Ila kiunoni na mimi niachie vidole vinne."

Sindano akamtazama juu mpaka chini. "Kwa kiuno hicho? Dakika, hiyo si akiba, hiyo ni suruali ya pili."

"Niachie tu," akasema. "Kama nabii ana mwakani, na mimi ninayo."