Namna Tume Ilivyomuchagulia Nasiba Timu ya Jimnastiki

Kaa vizuri nikutegee. Mulima ulipotoa moto na lava ikashuka mpaka katikati ya muji wa Goma, kila mutu alikimbia na chake. Mwenye matela, godoro lake la kulalia, alibeba matela. Mwenye mbuzi alivuta mbuzi. Mumoja alikimbia na kitu kinachoenea katika kiganja, hakiliwi, hakivaliwi, hakilaliwi, na aliporudi siku ya tatu alikuwa mukubwa. Alikimbia na nini?

Fikiri. Mimi sina haraka.

Umeshindwa? Basi nipe muji. Hapana, Goma usinipe. Goma imeshapewa watu wengi, na kila anayepewa anakuja na askari wake. Nipe Kindu, kwetu. Haya, nimefika Kindu, nimekula, nimeshiba. Jibu ni muhuri.

Mutu mwenyewe ni papa Modeste. Kabla ya lava, kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga madirisha ya biro moja ya serikali. Biro iliungua na madirisha yake, mukubwa wa biro alivuka mupaka mpaka Gisenyi akanogewa huko, na muhuri ukabaki katika mufuko wa papa Modeste. Sasa wewe usicheke. Biro si kuta. Biro ni muhuri, na mutu wa kuupulizia pumzi kabla ya kuugonga. Ndiyo sababu juma la pili, ardhi bado inatetemeka na wengi wetu tumelala chini ya matambara katika kambi ya Munigi, radio ilisoma tangazo kubwa:

"Wananchi wote wanajulishwa kwamba imeundwa Divisheni ya Muda ya Kuelekeza Watoto Wadogo katika Jimnastiki ya Kikundi. Kuanzia leo, hakuna mutoto wa miaka minne hadi tisa atakayepinduka, kuruka wala kutembea kwa mikono bila kuwekwa na Tume katika timu inayomufaa. Muzazi atakayemuchagulia mutoto wake timu yeye mwenyewe atahesabiwa kuwa amechagua."

Watu wasio na masomo waliuliza maji yako wapi. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya musingi, nikaelewa upesi. Maji yanaweza kungoja. Mutoto akishapinduka ovyo, amepinduka.

Na mimi nilikuwa ndani ya Tume. Siku hiyo nilisimama mulangoni kwao, naomba bashi, turubai ya kufunika watoto, mvua ilikuwa inatunyeshea. Donat, sekretere, akatoa kichwa.

"Bibi, wewe eko na wajukuu?"

"Tisa."

"Ingia. Tunakosa mwakilishi wa wazazi."

Wakanipa kiti cha plastiki chenye jina langu mugongoni: Bibi Kadidja. Sikuomba bashi tena. Mutu mwenye kiti cha jina anaogopa kuonekana alikuja kwa ajili ya kitu kidogo.

Mujukuu wa mwisho ni Nasiba, mutoto wa binti yangu, miaka sita wakati huo. Kule kambini hakuna aliyemuona miguu chini. Alipita kati ya sufuria za watu kwa mikono, na ukikunja matela, umegeuka tayari ameshapinduka juu yake mara tatu. Siku moja akaniambia, "Bibi, mimi nataka mutu anifundishe." Basi, kama mujumbe mwaminifu, nikaenda kutafuta timu inayofaa, ili nipeleke raporo.

Kule Katindo, nyuma ya kambi ya askari, nilikuta timu ya Mama Angèle, mwalimu, mwanamuke wa Butembo. Darasa moja, watoto kumi na wawili, matela nne zilizotoka motoni juu ya vichwa vya wenyewe. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, mikono wazi chini ya mutoto, kama mutu anayengoja papai lianguke.

"Unawafundisha nini?" nikamuuliza.

"Kuanguka, Bibi. Wiki ya tatu hii."

"Na kuruka?"

"Kuruka banajua tangu tumboni. Kuanguka njo hawajui."

Nasiba alikuwa ameshavua kandambili. Mama Angèle akamushika vifundo vya mikono, kimoja kimoja, kama mutu anayechagua mayai, akamuuliza wapi panauma. Kisha akaniangalia chini mpaka juu, mutandio wangu na yote.

"Bibi, huku mutoto anavaa suruali. Hautakuja kunifanyia kesi?"

"Suruali nimeshashona mbili. Wewe angalia mikono yako, mavazi ya Waislamu utuachie."

Akacheka. Nasiba alianguka mara kumi siku hiyo, na mara zote kumi alianguka katika mikono ya mutu. Nikasema moyoni, kazi ya Tume imekwisha.

Ilikuwa ndiyo inaanza. Papa Modeste, sasa Direkta wa Divisheni, alipokea raporo yangu, akavaa miwani.

"Timu hii ina viti vingapi?"

"Watoto wanakaa juu ya matela, Papa Direkta."

"Viti vya waheshimiwa."

"Hakuna."

"Kivuli?"

"Darasa lina mabati."

"Kivuli cha viti, Bibi. Na hotuba inadumu dakika ngapi?"

"Mwalimu hasemi kitu. Anahesabu moja, mbili, tatu."

Direkta akaandika, akapulizia muhuri, akagonga: timu haitambuliki, upungufu wake ni kwamba haina mahali pa kuiangalia. Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Mimi nilikuwa nimeangalia watoto tu, kama mutu wa kijijini.

Timu inayotambulika ilikuwa moja, na ilikuwa ya Direkta mwenyewe. Jina lake Volkano ya Furaha. Uwanja wake ulikuwa pale lava ilipopoa, nyeusi, yenye meno. Donat alitusomea sifa za uwanja: umewekwa na mulima bila gharama, hauozi, hauibiwi. Direkta akaongeza kwamba lava ni safi kuliko matela, maana kunguni hawawezi kuishi ndani yake. Nilienda kuhakikisha. Ni kweli, sikuona kunguni hata mumoja.

Programu ilikuwa hii. Siku ya mia moja tangu mulima utoe moto, mbele ya wakubwa, watoto ishirini na wanane wenye nguo nyekundu watapandana ghorofa saba. Mutoto wa juu kabisa, anayeitwa Ncha, atasimama na kumwaga karatasi nyekundu kutoka katika kikapu. Hapo wananchi wataona kwamba hata mulima, ukisimamiwa vizuri, unatoa moto kwa saa iliyopangwa.

Ili kuchagua kwa haki, watoto walipimwa uzito. Mizani iliyobaki nzima ilikuwa Kituku, kwa Mama Lucie, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Tume nzima tulishuka ziwani. Watoto wakawekwa mumoja mumoja katika beseni la samaki, Donat anaandika. Zamu ya Nasiba ikafika.

"Kilo kumi na saba," Donat akasema.

"Ngoja nitoe sambaza mbili, zimebakia chini yake," akasema Mama Lucie.

"Kilo kumi na saba bila samaki," Donat akasahihisha.

Hakukuwa na mwepesi kuliko yeye. Direkta akavua kofia. "Tumepata Ncha."

"Kwenye mizani yangu," akasema Mama Lucie, huku anafuta beseni, "kile chepesi nakirudisha mu ziwa kikomae."

Hakuwa mujumbe, maneno yake hayakuandikwa. Mimi nilikuwa mujumbe, nikainua mukono.

"Papa Direkta, juu ni ghorofa ya saba, chini ni lava. Akianguka, nani anamudaka?"

"Swali zuri sana, Bibi. Donat, liweke katika divers."

Divers ni pale mwisho wa mukutano, mahali pa kuwekwa mambo yasiyo na mwenyewe. Mikutano yetu ilikuwa na adabu ya kufungwa wakati maharage yanapoiva, na maharage yaliiva siku zote kabla ya divers. Mukutano wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano nikakataa sahani. Hapo ikabidi iundwe Tume Ndogo ya Kuanguka, yenye mujumbe mumoja, Direkta. Ilikutana palepale, ikatoa jibu:

"Kuanguka hakuko katika programu. Mutoto atakayeanguka atakuwa ameanguka nje ya programu, na Divisheni haina uwezo wa kudaka mutu aliye nje ya programu."

"Nimeelewa," nikasema. "Na jina la mwenye kudaka?"

"Bibi, unang'ang'ania jina. Jina litatoka kwa wakati wake."

"Divers," akasema Donat, bila kuinua kichwa.

Nyumbani Nasiba alikuwa na maswali yake.

"Bibi, chini yangu kutakuwa nani?"

"Wenzako ishirini na saba."

"Na chini yao?"

Nikamwambia akanichotee maji. Juma hilo aliacha kutembea kwa mikono. Alipita kati ya sufuria kwa miguu, polepole, kama karani anayeenda kazini. Watu wa kambi walimusifu kwamba amekua. Mimi ndipo nikaogopa.

Ikafika siku ya majaribio, siku moja kabla ya sikukuu. Alikuja Mukubwa mwenyewe, mulezi wa Divisheni, mumoja wa wale waliokuwa na muji wakati huo, na jeep tatu na miwani myeusi. Viti vilikuwa arobaini. Kivuli cha viti kilikuwa bashi mupya za buluu, nilizihesabu kumi na mbili. Watoto walipangwa katika jua.

Mukubwa akafungua programu iliyochapwa. "Saa tatu kamili, Ncha inapanda. Saa tatu na dakika tano, waheshimiwa wanapiga makofi." Akaangalia saa yake. "Ncha iko wapi?"

Direkta akaniangalia mimi.

"Eko Katindo, Ekselansi," nikasema. "Nimemupeleka asubuhi. Anajifunza kuanguka."

"Kwa hiyo nafasi iko wazi?"

Donat, ambaye hajawahi kumunyima mutu karatasi, akafungua sheria ya ndani, kifungu cha tisa: kila nafasi itakayobaki wazi itashikiliwa kwa muda na Direkta mwenyewe. Direkta ndiye aliyekiandika kifungu hicho. Kwa kifungu hicho alikuwa tayari mwenyekiti, mweka stoo, daktari wa timu na mwakilishi wa vijana, na umri wake miaka hamsini na nne.

"Basi panda," akasema Mukubwa.

"Ekselansi, watoto hawatanibeba. Mimi eko na kilo tisini."

Hilo lilikuwa kweli, na Mukubwa alikuwa mutu wa haki. Akafikiri kidogo. "Tume itakubeba."

Tulikuwa wajumbe saba. Mimi nilibaki kwenye kiti kwa sababu ya goti langu, na kwa sababu Tume haiwezi kupanda yote bila kuacha mutu wa kuendesha kikao. Wajumbe watatu walipiga magoti juu ya lava, katika suruali zao za suti. Wawili wakapanda juu ya migongo yao. Kilichosikika hakikuwa kilio, ilikuwa sauti ya utaratibu. Viti arobaini vilikuwa vimekaliwa na watu wanane tu, basi watoto wakaja mumoja mumoja kivulini, wakakaa, wakakunja mikono kama waheshimiwa.

Direkta akavua viatu, akapanda na kikapu chake.

"Direkta, usitikisike," akasema mujumbe wa afya kutoka chini. "Mimi eko na presha."

"Wewe njo unatikisika."

"Ni presha inatikisika."

Alifika juu kwa magoti. Ghorofa zilikuwa tatu tu, lakini nakuambia, sijawahi kuona mutu anasoma ardhi vile. Aliisoma mustari kwa mustari.

"Bibi," akaniita polepole, "ulizeni huko Katindo, walete matela."

"Matela zina kunguni, Papa Direkta."

Mukubwa akaangalia saa. "Mbona hasimami? Programu inasema Ncha inasimama."

Donat akageuza ukurasa. "Ekselansi, kuna kizuizi kidogo. Dosie ya Ncha, faili lake, haijafungwa. Kuna swali moja ndani yake linangoja jibu tangu mikutano mitano."

"La nani?"

"La huyu mama."

"Aulize, amalize. Mimi niko na kazi."

Nikasimama, nikafunga kitenge vizuri, nikaenda mpaka karibu na magoti ya wajumbe.

"Ni dosie ya mutoto Nasiba," nikasema. "Kama mutu wa kumudaka yuko, jina lake liandikwe, na kesho nitamuleta mutoto mwenyewe, nimusimamishe pale juu ulipo wewe. Kama hayuko, Donat aandike Katindo, kwa Mama Angèle, na muhuri ugongwe leo. Papa Direkta, akianguka, nani anamudaka?"

Kikapu kiliinama, karatasi nyekundu zikaanza kumwagika zenyewe, mbili, tatu, zikatua juu ya lava. Direkta akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akamuangalia Mukubwa, na Mukubwa alikuwa anaangalia saa. Donat akainua kalamu.

"Hakuna mutu, Bibi," akasema Direkta.