Mwenyekiti wa Wenyeji Ulaya

Fursa ilimkuta Gasto akiwa na paja la kuku mdomoni, na kwa kuwa ni mtu mwenye heshima zake, alilimaliza kwanza ndipo akaishughulikia.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, mwaka 1996, theluji imepanda hadi kwenye vioo vya madirisha, na nyumbani kwa Bupe kule Columbia Heights, Minnesota, palikuwa hapatoshi. Viatu vilijaa toka mlangoni hadi karibu na choo. Makoti yalilundikwa kitandani kwa mama mwenye nyumba mpaka mtoto aliyelazwa pale ikabidi atafutwe. Bupe aliuza tiketi za ndege katika ofisi moja ndani ya lile duka kubwa la Bloomington, na hakuweza kuiacha wikiendi ipite bila kupikia pilau watu thelathini, ambao kumi kati yao hakuwa anawajua.

Hapo ndipo Ikupa aliposimama. Ikupa alikuwa karani wa ofisi moja Saint Paul na katibu wa ushirika wa Watanzania, dada wa miwani, mpole, mwenye daftari la kila jambo. Alisogeza bakuli la kachumbari akatandaza ramani ya Ulaya mezani.

"Mwezi wa tano naondoka," alisema. "Amsterdam, Paris, Vienna, Roma. Wiki tatu. Peke yangu."

Watu wakaisogelea ramani.

"Peke yako na nani?" Bupe akauliza.

"Peke yangu na begi."

"Unakwenda kwa nani huko?"

"Siendi kwa mtu, dada. Naenda kuona."

Sasa, tuseme ukweli. Sisi watu wa kwetu tunamwelewa mtu anayekwenda msibani, harusini, masomoni, hata anayekimbia mke. Lakini kupanda ndege kwenda mji ambao huna hata binamu wa kukupokea, halafu urudi vile vile, hilo tunaliita ugonjwa. Wengine walianza kumpa pole.

Ikupa hakutikisika. Akiba ya miaka miwili ilikuwa imelipa ndege na treni. Viza alizihangaikia mwenyewe, basi hadi Chicago mara mbili. Kilichobaki kilikuwa malazi tu, na hapo akiba ilikuwa imekata pumzi. Hoteli zilitaka mshahara wake, na mabweni ya vijana yalitaka alale chumba kimoja na Waaustralia kumi na wawili. "Nikikosa pa kulala," alisema, akikunja pembe ya ramani, "naahirisha. Na najijua, nikiahirisha mara moja sitakwenda tena."

Gasto akafuta vidole.

Ni vizuri mumjue Gasto. Alikuwa dereva wa basi dogo la hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, akipeleka wageni na kuwarudisha siku sita kwa wiki. Watu wote wa pilau walijua kwamba kabla ya kuja Marekani aliishi Ulaya miaka minane. Mwenyewe ndiye aliyewaambia. Ukweli, uliojulikana na Gasto na Mungu tu, ni kwamba Ulaya alikaa saa sita, kwenye kiti cha plastiki cha uwanja wa Amsterdam, akisubiri ndege ya kumleta huku, na katika saa hizo alikwenda chooni mara mbili. Ulaya iliyobaki aliiokota kwenye viti vya basi lake: mwavuli wa Paris, sabuni ya Roma, na maneno matatu ya Kijerumani aliyotukanwa na rubani.

"Dada Ikupa," alisema, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kusoma risala, "kwani hakuna aliyekuambia kuhusu Umoja?"

"Umoja gani?"

"Umoja wa Wenyeji Ulaya. Watu wetu waliotapakaa kule. Kila mji una mwenyeji, na kila mwenyeji ana chumba. Unafika na barua ya utambulisho, unapokelewa, unalishwa, unalala."

"Barua inatoka kwa nani?"

Gasto akainamisha kichwa, kama mtu aliyelazimishwa kutaja sadaka zake. "Kwa Mwenyekiti. Ambaye, kwa neema tu, ni mimi."

Ada ya uanachama ilikuwa dola mia mbili, barua nne zikiwa ndani yake.

Mtu aliyezaliwa Boston angeuliza maswali. Lakini sisi tumelelewa na barua za balozi wa nyumba kumi. Bila barua hukupata sukari ya mgawo wala shule ya mtoto, na uliyekwenda kumtembelea alitaka kuiona kabla hujaketi. Tukiona barua moyo unatulia. Tukiona mhuri, tunasimama.

Gasto alilijua hilo kuliko alivyojua barabara za Bloomington. Jumatatu alikwenda duka la vifaa vya ofisi akaagiza mhuri. Alitaka twiga katikati. Mwenye duka hakuwa na twiga. Alikuwa na kulungu, mwenye pembe, wa kuwagongea wawindaji. Gasto akamtazama kulungu yule kwa muda, akaona kwamba kwa mbali, na kwa mtu mwenye haraka, ni twiga aliyepatwa na matatizo ya shingo. Akaununua na kidau cha wino wa zambarau, maana mhuri wa rangi nyingine nani angeuamini?

Ikupa alikuja na daftari ili wapange safari. Gasto alimpokea akiwa ameutundika mwavuli wa Paris mahali pa kuonekana.

"Paris," alisema, "jihadhari na mkate wao, unavunja meno. Amsterdam, baiskeli. Wale hawana breki wala huruma."

"Na kutoka Vienna kwenda Roma? Treni inachukua muda gani?"

Gasto hakuwahi kumbeba abiria wa Vienna. Lakini mjanja akinyamaza anakuwa dereva tu. "Aa, Vienna na Roma! Hiyo ni kama Minneapolis na Saint Paul. Unavuka mto, umefika."

Ikupa akaacha kuandika. Akamtazama juu ya miwani, muda wa kuhesabu hadi tatu. Kisha akaandika.

"Mto tu," alisema.

"Mto tu. Ukitaka hata kwa miguu."

"Asante sana, Mwenyekiti. Sasa, barua umeshaziandika?"

Hapo palikuwa na tatizo. Gasto alikuwa na mhuri, wino na sahihi yenye mikia mitatu. Barua yenyewe ilimshinda tangu aya ya kwanza.

"Nisikusumbue," Ikupa akasema kwa upole. "Mimi kuchapa ndiyo kazi yangu. Nitakuletea, wewe utie sahihi tu."

Wiki iliyofuata alileta barua nne kwenye karatasi nzuri nene, zenye vichwa vya habari, kumbukumbu namba, na maneno yaliyobanana kama kanga dukani. Gasto alikunja uso kama mkuu wa wilaya, akapitisha kidole juu ya mistari bila kusoma hata mmoja, maana hajapata kuonekana mwenyekiti anayesoma anachogonga. Akagonga. Kulungu wanne wa zambarau wakatokea, wamechoka lakini rasmi.

"Nakala za faili?" Ikupa akauliza.

"Gonga tu, gonga tu," akasema Mwenyekiti, akagonga nyingine kumi.

Ikupa aliondoka mwezi wa tano, na Gasto akaanza kuishi kama panya. Alimwona dada wa watu kwenye mvua ya Vienna, barua mkononi, akigonga mlango usiokuwepo. Simu ikilia hakupokea. Ujumbe aliufuta bila kuusikiliza. Jumapili aliumwa mgongo, Jumapili ya pili tumbo, Jumapili ya tatu alikuwa amebakiza meno.

Ikupa aliporudi, alisimama kanisani kutoa shukrani. Gasto, ambaye alikuwa amekuja kwa kuwa Bupe alimfuata na gari, alishuka kwenye benchi mpaka yakabaki masikio.

"Miji minne," Ikupa alisema, "na kila mji nilipokelewa. Amsterdam kwa Harrison na mkewe Peris, Wakenya, wakanipa kitanda chao. Paris kwa familia ya Paul, Wazaire wa Lubumbashi, nimelishwa sombe, kisamvu chao, nikadhani niko nyumbani. Vienna kwa kijana Nahashon, anasomea udaktari. Roma kwa Sista Bernadetha. Sikulipa kitanda hata siku moja. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mwenyekiti wetu. Simama, Mwenyekiti!"

Gasto akasimama. Vigelegele vikampiga usoni. Mtu mwingine angejiuliza jambo hili limewezekanaje. Gasto alijiuliza pia, kwa muda wa wimbo mmoja wa sadaka. Kufikia ubeti wa mwisho alishapata jibu: kwamba yeye ni mtu mkubwa kuliko alivyodhani. Pengine Umoja ulikuwepo siku zote. Pengine alikuwa ameugundua tu, kama wazungu wanavyogundua maziwa yenye watu.

Ndipo tamaa ikamshika pabaya. Kama barua zile zinafungua milango, kwa nini mwenye mhuri afe hajaiona Ulaya? Miaka sita alikuwa amewapeleka watu kwenye ndege, akashusha mabegi yao, akageuza gari. Sasa angekwenda kimyakimya, aione kwa macho yake, ili uongo wake wote wa nyuma uwe kweli.

Alichukua ile mia mbili ya Ikupa, akaongeza akiba yake yote, akafuata viza Chicago, akaenda kwa Bupe kununua tiketi ya Amsterdam, mwezi wa nane, isiyorudishwa.

"Ni siri, dada Bupe."

"Mimi tena, shemeji? Kaburi!"

Bupe kutunza siri! Wino wa tiketi haujakauka alikuwa kwenye simu na Saint Paul.

Siku ya safari Gasto alifika uwanjani na begi moja na skafu shingoni, katika joto lililowalaza mbwa chini ya magari. Mfuko wa ndani ulikuwa na barua nne, kati ya nakala zile za faili alizoachiwa, kazigonga upya kwa mkono wake. Alipewa kadi ya kupandia. Ilibaki nusu saa. Alikuwa anakwenda zake akipiga mluzi, akapita karibu na mlango wanakotokea wanaofika kutoka nje, aliposikia ngoma.

Ngoma, ndugu zangu, katika uwanja wa ndege wa Minnesota.

Ushirika mzima ulikuwa pale. Walishika kitambaa kirefu cheupe chenye kulungu wa zambarau, mkubwa kama ndama. Mbele yao Ikupa na miwani yake.

"Mwenyekiti!" alipaza sauti. "Niliwaambia atakuja mwenyewe! Oneni, na skafu kabisa!"

Kabla Gasto hajapata mguu wa kugeukia, mlango ukafunguka. Ndege ile ile iliyokuwa inamngoja ndiyo iliyokuwa imewashusha: mtawa mnene mwenye tabasamu, kijana mrefu mwenye vitabu, na mwanamume na mkewe wakisukuma mizigo na watoto watatu.

"Ndiye huyu?" Sista Bernadetha akamkumbatia. "Baba, miezi mitatu tunahangaikia viza. Tungekata tamaa, lakini barua yako! Ile aya ya tatu, niliisoma nikalia."

"Aya ya tatu," Gasto akasema.

Sista akaitoa. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Mwenyekiti akasoma barua yake mwenyewe. *Kila atakayempokea mleta barua hii, naye atapokewa pamoja na jamaa yake nyumbani kwa Mwenyekiti aliyetia sahihi hapa chini, kwa malazi na chakula, majuma mawili, bila malipo, kwa tarehe atakayotaja Katibu.* Chini yake mikia mitatu. Chini ya mikia, kulungu, akimtazama.

Gasto akamvuta Ikupa pembeni. "Katibu ni nani?"

"Mimi. Soma ukurasa wa pili."

"Ikupa, mimi nina chumba kimoja!"

"Na mimi sikuwa na hata kimoja, Mwenyekiti. Siku uliponivusha mto kutoka Vienna hadi Roma, nikajua sina mwenyeji. Kwa hiyo nikaandika barua kwa sharika za huko, nikawatumia nakala zako, nikawatafuta wa kweli."

"Ungenirudia basi nikurudishie hela!"

"Nirudishiwe? Ada nimelipa. Natumia uanachama."

"Wamekuja wangapi hapa?"

"Saba tu. Wa Paris wameomba Krismasi."

Peris alikuwa anawapanga watoto kwa salamu. "Msalimieni uncle. Ni yeye tutakaa kwake."

"*Ja*," wakaitika watoto kwa Kiholanzi, wakamkabidhi mabegi yao.

Ndipo vipaza sauti vya uwanja vikakohoa. Mwanamke wa Kimarekani akaanza kulipigapiga jina la Kichaga kama anayevunja karanga, lakini lilitoka: abiria Gasto Mushi, wa Amsterdam, mlango unafungwa, huu ni wito wa mwisho.

Ngoma ikanyamaza. Bupe akatazama dari, shingo yake ikitetemeka kwa kicheko. Watu arobaini wakamtazama Gasto, na Gasto akaihisi kadi ya kupandia ikimchoma kifuani. Hatua mia tatu, labda mia nne. Lakini angewaambia nini? Kwamba Mwenyekiti anawakimbia wageni? Kwamba mkazi wa Ulaya wa miaka minane anakwenda kuiona kwa mara ya kwanza?

Wito ukarudiwa.

"Baba," Sista Bernadetha akauliza, "si wewe wanayekuita?"

Gasto akaivua skafu polepole, akamfunga nayo yule mtoto mdogo. Akainama akayaokota mabegi, mawili kila mkono, kwa ule ustadi wa miaka sita.

"Hapana, Sista," akasema. "Huyo wanayemwita ni msafiri. Mimi ni mwenyeji. Gari liko huku."