Kati ya Sanduku na Nyumba

Jumamosi, 18 Januari

Roxana amepiga simu kutoka Valencia. Ni dada wa mke wangu Delfina, na huwa hapigi asubuhi ila kukiwa na jambo. Kulikuwa na jambo! Wazee wawili wa mtaani kwake huko Uhispania wanatafuta mtu na mkewe wa kuwatunza. Chumba kipo. Mtoto anakaribishwa. Nayra wetu ana miaka minne. Jibu linatakiwa Jumapili ijayo, tarehe 26. Baada ya hapo watachukuliwa wengine.

Delfina akaweka simu chini, akaendelea kumenya viazi. Akaniuliza nasemaje. Nikasema tutaona. Nilisema kwa sauti nzito ya mwenye nyumba. 

Kichekesho ni kwamba mimi, Eleuterio Callisaya, ni mchapaji wa pasipoti. Si za kweli. Ni zile za ukubwa wa ukucha, za Alasitas, soko letu la vitu vidogo vya bahati. Ijumaa saa sita kamili mchana, La Paz nzima itabeba kidogo cha kile inachokitaka kikubwa, ikipeleke kubarikiwa, kisha ingoje kile kikubwa. Nimewachapia watu pasipoti na tiketi miaka kumi na moja. Mwenyewe sijafika mbali kuliko Oruro, mji jirani.

Nimepata njia! Kitu ulichojinunulia hakina nguvu, hilo kila mtu analijua. Lazima upewe. Basi nitakachopewa Ijumaa saa sita, hicho ndicho. Nikipewa sanduku la safari, tunaondoka. Nikipewa nyumba, tunabaki. Sijamwambia mtu. Delfina hasa sijamwambia, asije akahangaika bure.

Jumapili, 19 Januari

Nimeshauriana na Nayra. Mtoto naye ana haki.

Nikamuuliza kama anataka kwenda kukaa kwa mama mdogo Roxana. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama anataka kubaki hapa na bibi. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama anataka kuhamia mwezini kwa miguu. Akasema ndiyo, lakini avae viatu vyekundu.

Sikupata usingizi wa mchana.

Jumatatu, 20 Januari

Nimeamka nikitaka kuondoka. Nilikuwa na uhakika kabisa! Foleni ya dizeli imezunguka kona yetu tena, mkate umekuwa mdogo karibu utoshe kuuzwa Alasitas, na Nayra anakua. Kule atasoma. Kule atakuwa mtu.

Nikafikiri: bahati ni kama punda, haikatazwi kusukumwa. Nikaenda kwa Hilarión. Kibanda chake kiko ubavuni mwa changu kila mwaka, anauza vijumba vya plasta, na kila mwaka anasogeza meza yake upande wangu kwa upana wa kiganja. Nikamwambia, kama mtu anayepita tu, kwamba watu wengi hupenda kupewa sanduku dogo la safari. Hata mimi. Hata Ijumaa hii.

Akacheka hadi akakohoa. "Wewe, mwenzangu? Safari yako ndefu kuliko zote ni ya chooni, na hata huko unapotea!" Akaniambia hawezi kunipa hata mpini wa sanduku.

Nimeumia.  Nimeisogeza meza yake nyuma alipokwenda kula.

Jumanne, 21 Januari

Nimeamka nikitaka kubaki. Sijui kimetokea nini usingizini.

Nadhani ni kithembe. Binamu zake Nayra kule wanazungumza ulimi ukiwa katikati ya meno, nimewasikia kwenye simu. Nikamwona Nayra ana miaka kumi, ananiita baba kwa kithembe, ananionea haya mbele ya marafiki zake kwa sababu namfuta mzee wa watu mate.  Naogopa, na hilo naliandika hapa tu.

Basi nikaenda kwa mama mkwe, doña Saturnina, na mikate mitatu mkononi. Yeye bila shaka atatoa nyumba, maana Nayra ni mboni ya jicho lake. Lakini nilitaka kuwa na hakika. Nikamwambia nimeota. Nimeota nyumba ndogo yenye paa jekundu, na mtu aliyenipa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kofia kama yake.

Akaniuliza kama nimekunywa. Nikasema sijanywa. Akasema basi hali ni mbaya zaidi. Kisha akanitazama, akasema kwa upole nisiouzoea: "Mkwe wangu, nimekuelewa. Nenda tu."

Amenielewa!

Jumatano, 22 Januari

Sikukuu ya taifa. Nimeamka nikitaka yote mawili. Njia mbili zilimshinda fisi, na yeye ana miguu minne.

Delfina alikuwa akiongea kwa simu uani, kwa sauti ndogo. Sikumsumbua. Nilikuwa na msiba wangu.

Nimefungua tiketi za ndege za mwaka huu. Mia sita, zimekatwa, zimefungwa kumi kumi. Zote zimeandikwa LA PAZ – LA PAZ! Nilipanga herufi Jumamosi ileile baada ya simu ya Roxana, na kichwa hakikuwa na mwenyewe. Hakuna Madrid. Hakuna São Paulo. Mtu anapanda ndege La Paz na kushuka La Paz. Karatasi ya kuchapa nyingine hakuna, maduka yamefungwa.

Hilarión akaziona. Sijui alizionaje, nadhani ana pua ya mbwa. Dakika tano baadaye safu nzima ya vibanda ilikuwa inanipungia mikono ya kwaheri na ya karibu kwa pamoja.

Nikamwonyesha Delfina. Akaigeuza tiketi mara mbili, akasema niziuze tu, wapo wenye kuzihitaji. Nikamuuliza nani mwenye akili anahitaji safari ya namna hiyo. Akasema nitaona. Siku hizi Delfina ananijibu kwa maneno machache sana. Labda ni meno.

Alhamisi, 23 Januari

Habari kutoka kwa mwenye kibanda cha mbele: Hilarión ameonekana akinunua sanduku dogo la ngozi. Kejeli zake ni uongo tu, huyo Hilarión, ana moyo! Na mama mkwe ameonekana kwenye vijumba.

Basi vyote viwili vinakuja. Itabidi kitakachofika kwanza ndicho kiwe jibu. Lakini kwanza kwa saa ya nani? Saa ya kanisa na saa ya simu yangu zinapishana dakika mbili. Katika dakika mbili mtu anaweza kuhama bara.

Tena kuna suala la pa kusimama. Nikikaa kibandani, Hilarión yuko ubavuni, sanduku litafika kwanza, tutaondoka. Nikisogea kwenye ngazi atakapopanda mama mkwe, nyumba itafika kwanza, tutabaki. Nimeenda ngazini. Nimerudi kibandani. Nimeenda ngazini. Mara ya nne mwuza api akanipa kikombe cha uji wake wa moto bila kunidai, akasema baridi ya La Paz imewafanya wengi hivyo.

Ijumaa, 24 Januari

Ngoja nishushe pumzi.

Saa sita kasorobo. Watu kama siafu, kila mmoja na kikapu chake. Vigari, dola ndogo za karatasi, vyeti vya chuo, magunia ya unga yasiyozidi kidole gumba. Nayra kakaa juu ya meza yangu. Nilikuwa nimeihamishia katikati kabisa, kati ya kibanda na ngazi, nimepima kwa hatua.

Kwanza, tiketi. Zimekwisha! Mia sita zote, kabla ya kengele! Mama mmoja wa El Alto, mji wa juu yetu, alizisoma. Akaniuliza kama ni za wale wanaorudi. Nikasema ndiyo tu. Ana watoto watatu Ajentina. Akachukua tatu, akamwita dada yake, dada akaita wengine. Wamama wamenizunguka wakinibariki. Hilarión alikuwa kijani kwa wivu.

Kisha kengele. Mama mkwe akapanda ngazi mbiombio, kofia upande, akanipa zawadi mkononi. Sanduku! Sanduku la safari, jekundu, lenye kufuli! Nikamwambia kuna makosa, mimi niliota nyumba. Akasema alijua tangu mwanzo. Mwanamume akimjia mama mkwe na mikate mitatu na ndoto ya nyumba, anaomba ruhusa ya kumpeleka binti yake mbali na hana ujasiri wa kutamka. "Basi nimekupa. Nimelia siku tatu, nimemaliza. Wapeleke." Akalia tena.

Nikataka kueleza. Nikageuka, na Hilarión naye akanisukumia kitu kifuani bila kunitazama. Nyumba! Paa jekundu! Sanduku la ngozi alimnunulia mpwa wake. Akasema nisijidai, ni kijumba kilichobaki tu, lakini nikienda huko atamcheka nani? "Miaka kumi na moja nimekuzoea, mjinga wewe."

Saa ya kanisa ikagonga pigo la mwisho na simu yangu ikalia mlio wa kwanza. Kwa kanisa sanduku limetangulia, kwa simu vyote vimefika pamoja. Mkono wa kulia sanduku, mkono wa kushoto nyumba. Padri akapita na maji, akanilowesha kote. Moshi wa ubani ukapita, ukanifukiza kote. Vyote viwili vimebarikiwa sawasawa!

Hapo Nayra akasema nyumba iingie sandukuni, ili twende nayo. Nilipomwambia haiwezekani alikuwa ameshaanza. Paa likavunjika.

Nikakimbia kwa mganga mwenye chetezo, nikamuuliza paa lililovunjika saa sita ya Alasitas lina maana gani. Akalitazama kwa makini. Akasema maana yake ni paa limevunjika, na niondoke, nawazibia watu njia.

Jumapili, 26 Januari

Siku ya jibu.

Nimegandisha paa kwa gundi. Nimelibandua. Nikiligandisha nakuwa nimeisaidia nyumba, na huo si uadilifu.

Baada ya chakula nikamwambia Delfina kwa sauti nzito kwamba wakati umefika wa kumjibu Roxana, na kwamba mambo bado hayajakaa sawa. Akasema Roxana ameshajibiwa. Tangu Jumatano!

Nikakaa chini. Delfina hakupaza sauti. Alisema tangu Roxana apige simu nimemuuliza Hilarión, nimemuuliza mama mkwe, nimemuuliza mganga, nimemuuliza mtoto anayetaka kwenda mwezini. "Mimi nimelala ubavuni mwako siku zote hizi, baba Nayra. Mimi hujaniuliza."  Kisha akachukua sindano yake.

Ni kweli. Kila neno ni kweli. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikamwambia nimekosa, na nilikuwa namaanisha. Akasema sawa. Akangoja. Alinitazama kana kwamba kuna kitu nimebakiza kusema. Nikasema tena nimekosa. Akashusha pumzi, akarudi kwenye ushonaji.

Sasa naandika huku nikimtazama. Yuko hatua mbili kutoka hapa. Anashona koti jeupe la Nayra, lile la chekechea wanalovaa watoto wote wa mtaa wetu shule zikifunguliwa Februari, na mfukoni ametarizi jina. Pindo amelikunja vidole vinne, ili alishushe mwaka hadi mwaka msichana akirefuka. Kazi safi! Wahispania watashangaa.

Lakini amejibu nini? Hilo ndilo fumbo. Kumuuliza usoni sasa hivi itaonekana kama sijui kinachoendelea ndani ya nyumba yangu. Kesho alfajiri nitapita kwa Hilarión. Yeye aje hapa kama mtu anayeazima chumvi, amdadisi Delfina taratibu, kisha aniambie.