Yah: Mwanahisabati Asiyepigiwa Hodi

Chumba cha Nyuma,
Nyumbani Kwangu.

Kwa Ndugu Mwongozaji wa Filamu,

Nakuita ndugu mwongozaji kwa sababu jana, mbele ya watu, ulinikataza kukuita mume wangu. Ulisema, Bibi, hapa ni kazini, mimi si mjukuu, na mwenye malalamiko ayalete kwa maandishi. Haya, nimeyaleta. Shule sikuiona hata dirisha lake, kwa hiyo anayeshika kalamu ni huyu fundi wako wa sauti. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie Kiswahili cha redioni. Tumo humu humu katika chumba unachokitaka, nimefunga kwa ndani, na ufunguo uko katika pindo la kanga yangu. Barua itapita chini ya mlango.

Najua leo ndiyo siku ya mwisho. Najua kamera ni ya kuazima, na kesho mwenyewe anaitaka akapige picha za harusi. Najua bila tukio la mwisho miaka yako miwili imekwenda na maji. Ndiyo maana nimefunga leo, sikufunga juzi. Nimezeeka magoti tu.

Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Usiku wenu. Mmetundika mablanketi yangu matano dirishani ili saa saba mchana iwe usiku wa manane. Nilipouliza kwa nini msingoje usiku wenyewe, ukasema usiku mpiga kamera ana zamu ya ulinzi. Basi jirani yangu mshona nguo akaona nyumba imefunikwa gubigubi, akasikia mwanamume analia ndani, akaja na wenzake watatu kunipa pole ya msiba. Nikaipokea. Ningefanyaje, na walikuwa wameshaanza kulia? Sasa kila tukikutana wananiuliza aliyekufa ni nani, nami bado sijaamua.

2. Kinyozi. Huyu anayeigiza mwanahisabati ni kinyozi wetu wa pale njia panda, mtoto wa watu, mama yake namjua. Umemkataza kujinyoa na umemkataza kula ili mashavu yaingie ndani. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, hawakusema asile. Nimeingia na sahani ya viazi mara tatu, na mara tatu umepiga kelele "Kata!" kama mwenye bucha. Mara ya nne nilipita chini ya kamera kwa magoti haya haya, na bado ukaniona, ila yeye alikuwa ameshatia kimoja mdomoni. Ukalalamika kiazi kinaonekana shavuni. Na kionekane! Hata mwehu ana shavu.

3. Hizo namba. Umeniambia anatafuta siri ya namba tasa, zile zisizogawanyika, na kila akiikaribia akili inamruka. Nani kaziita tasa? Kinyozi mwenyewe kanieleza kwamba haziishi, ukifika kwenye moja iko nyingine mbele, kubwa zaidi. Sasa kitu kisichokoma kuja duniani unakiitaje tasa? Tena kaziandika kwa makaa, kuanzia mlangoni, zikapita juu ya kitanda changu mpaka kwenye dari. Mimi nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini, mia mbili kwa siku. Likipungua moja nilihesabu tena, likikosekana tena nikaenda nyumbani kulala. Hakuna aliyekuja kunipiga picha.

4. Sukari yangu inayoisha kila siku. Hili nimelifuta, mwandishi ameungama.

5. Hili ndilo lililonifungisha mlango. Katika hadithi yako mtu anakaa chumbani siku kumi na moja, haogi, hali, anazungumza na ukuta, mwishowe analala sakafuni macho wazi, si wa dunia hii wala ya pili, na hakuna aliyempigia hodi. Hakuna! Nyumba ya kupanga, vyumba sita, choo kimoja! Mwenye nyumba hakuja? Mwenye zamu ya kufagia uwanja hakumuulizia? Mtu asipoonekana chooni siku mbili, foleni yenyewe inamkumbuka. Ukaniambia, Bibi, hiyo ndiyo sanaa, ni upweke wa akili kubwa. Mimi nakwambia ni uongo wa mchana kweupe. Akili iwe kubwa kama ghala, ina shangazi. Hodi moja tu, mtu akaitika, angepona. Watu hawapati wazimu kwa hesabu. Wanaupata kwa kukosa wa kuwaambia, hebu toka nje uote jua, unanuka.

6. Wewe. Hapa mwandishi ameinua macho akaniangalia. Nimemwambia inama, andika. Tangu uanze filamu hii huli mpaka nikusimamie. Umechora vijumba vya picha zako, tukio kwa tukio, nyuma ya kalenda yangu, umefika mwezi wa tisa. Tukio la kufungua daftari umelirudia mara arobaini na moja. Nilipouliza la kwanza lilikuwa na kosa gani, ukasema halikuwa na kosa, ila unahisi liko jingine mbele, zuri zaidi. Mama yako anapiga simu, nawe unaitazama inavyolia. Unamchungulia kinyozi kwenye kitundu cha kamera kutwa nzima, na bado hujaona anafanana na nani.

Kwa hiyo nataka mwisho ubadilishwe. Mtu apige hodi. Awe mwanamke mtu mzima, na kwa kuwa hamna cha kumlipa mwigizaji, nitakuwa mimi. Niingie na sahani, niseme maneno, si mawili. Nimeshayatunga na mwandishi anasema yanachukua robo saa. Mwanahisabati ale. Akishakula aoge, anyolewe, na azifute namba zake mwenyewe kwa sabuni. Akishatakata atafutiwe mchumba. Nimemfikiria binti wa mshona nguo. Wale majirani wanne waje, maana wamelia bure, wasikose na vigelegele. Na hiyo harusi ya kesho kamera inakokwenda, twende nayo, tuwapitishe maharusi wetu nyuma ya wale wengine, gharama sifuri. Bila hayo mlango huu haufunguki, nami nitakaa humu hata siku kumi na moja.

Nisalimie mpiga kamera, asisinzie lindoni. Msalimie kinyozi na mama yake, na mshona nguo, mwambie marehemu nitamtangaza karibuni. Msalimie na mama yako, kwa simu, leo.

Ni mimi, mwenye nyumba na mwenye mablanketi,
Bibi yako, kazini, Mlalamikaji.
(Dole gumba)

Nyongeza: Usijibu kwanza. Nimeshatia dole, ndipo fundi wa sauti akaniambia mashine yake ilikuwa inarekodi muda wote, hakuizima. Amenivisha yale masikio yake ya mashine nisikilize. Nimejisikia naunguruma, la kwanza, la pili, la tatu, na nyuma ya sauti yangu mlango unagongwa. Kinyozi: hodi Bibi, chai inapoa. Mshona nguo: hodi mwenzangu, umo? Kinyozi tena: Bibi, viazi vinaungua. Kisha wewe: hodi. Kisha wewe tena, kwa sauti ya chini, mwongozaji ukiwa umemweka kando: hodi, mke wangu, umekula? Nami nimekaa hatua mbili kutoka mlangoni, nasema andika, andika. Huyu anasema alijaribu kunigusa bega, nikamwambia asinikate kauli. Naapa sikusikia hata moja.

Basi hata kwa mwanahisabati wako hodi zilipigwa. Mwache kinyozi alale sakafuni kama ulivyoandika, na watazamaji wasisikie kitu, maana na yeye hasikii. Na yale maneno yangu ya robo saa nimeyafuta.

Uliniuliza kama nimekula. Sijala. Nafungua.